Samaki Anawe Mikono

Waliokuwa nami juma lililopita waliniacha mbele ya duka la Sabuni, flashi ya binti yangu nimeificha kwenye sidiria, moyo unatwanga kama kinu cha jirani mwenye wageni.

Kwa aliyeingia leo, nitasema kwa ufupi. Mimi ni msusi. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo, chanuo ndiyo kalamu yangu. Binti yangu yuko chuo cha wakunga, mwaka wa mwisho, na hapewi cheti mpaka aandike kazi ndefu juu ya namna ya kumhudumia mama anayejifungua.

Chuo chao kimenunua programu ya kompyuta ambayo wanafunzi wameipa jina la Mbwa. Unampa kazi yako, ananusa mtandao mzima, na kila alipowahi kukutana na maneno yale anapaka rangi nyekundu. Nyekundu ikizidi asilimia ishirini, umeiba.

Binti yangu alitoka na arobaini na moja. Hakuiba. Lakini ukiandika kwamba mkunga anawe mikono kabla ya kumpokea mtoto, nani hajaliandika hilo tangu mikono iumbwe? Wakamwambia arudi akaandike kwa maneno yake. Akakaa, akaandika. Siku ya mwisho ya kupeleka ikamkuta ana zamu wadini, akanipa flashi mkononi.

"Mpelekee katibu, mama. Usipite popote."

Nikapita popote.

Msinicheke bado. Kilichonipoteza ni neno alilolisema akifunga kamba za viatu: "Safari hii nimeandika kwa maneno yangu."

Mama mwingine angefurahi. Mimi nikaingiwa na ubaridi. Maneno yako yapi, mwanangu? Mtoto wa msusi ana maneno gani ya kuwatosha wasomi? Maneno yako si ndiyo haya haya yangu, ya "inamisha kichwa nisije nikakuchoma sikio"?

Na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye siku hiyo nilikuwa namsuka, akaongeza kuni.

"Wifi, mtoto atafelishwa hivi hivi unamwangalia. Kuna jamaa anasafisha."

"Anasafisha nini?"

"Kazi za wasomi. Inaingia chafu, inatoka nyeupe. Ndiyo maana wanamwita Sabuni."

"Si wizi huo?"

"Wizi wapi, na kazi ni ya mwanao? Ukipeleka gauni lako kwa dobi, umeliiba?"

Wifi yangu angesomea uwakili, magereza yangefugiwa kuku. Nilimwacha na nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama wima, nikatoka.

Basi tuingie dukani.

Sabuni ni mtu mzima, kipara kinang'aa, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Duka lake ni la kutoa kopi na kupiga picha za vitambulisho. Pazia la bluu upande mmoja, kompyuta upande wa pili. Hana haraka. Alinipa kiti kama daktari anayeujua ugonjwa wako.

"Mbwa alimpa ngapi?"

"Arobaini na moja. Lakini ameshairekebisha mwenyewe."

Akacheka kwa pua. "Mwenyewe. Mama, hao wa mwenyewe ndio wateja wangu wakubwa."

"Huisomi kwanza?"

"Dobi huuliza nguo ilivaliwa wapi?"

Nikamwambia basi anieleze anavyofanya, maana nisingekaa kimya hata ungenifunga kitambaa mdomoni. Akajivuta kitini, akafurahi kuulizwa.

"Mbwa hajui maana. Mbwa anajua sura. Akiliona neno alilolizoea liko na wenzake aliowazoea, anabweka. Mimi nina programu yangu. Ina orodha. Kila neno lina ndugu yake. Namtoa huyu, namwingiza nduguye. Mbwa anapita, ananusa, hamjui mtu. Analala."

"Na hao ndugu wanafanana kweli?"

"Ndugu ni ndugu, mama."

Hapo ndipo ningesimama nikaondoka. Mimi mwenyewe nina ndugu ambao hatufanani hata kivuli, na kuna mmoja akija kwangu nahesabu vijiko. Lakini hofu ya mama ni kiziwi. Nikaitikia kwa kichwa.

Akabonyeza. Kurasa zikatetemeka kwenye kioo kama kuku aliyemwagiwa maji. Nilikuwa bado natafuta pa kuweka mkoba wangu, akasema tayari.

"Nisevu pembeni au juu ya ile ile?"

Sikujua anauliza nini, na nikaona aibu kuuliza. Nikafikiri kwa akili yangu: mgeni wa heshima hawekwi pembeni.

"Weka juu," nikasema.

Akaweka juu. Nikachukua flashi, nikaipeleka kwa katibu wa chuo, mwanamke mpole mwenye sauti ya kuombea msamaha, akaipokea kwa mikono miwili. Nikarudi kumalizia kichwa cha wifi.

Mama mwenzangu unayesoma hapa, uliyejinyima mpaka mtoto akafika chuo, nakuomba sana. Ukipewa kitu cha mtoto ukifikishe, kifikishe. Usikifungue, usikiongezee chumvi. Mimi nilidhani nambeba kumbe namkanyaga.

Siku chache baadaye binti yangu akaingia saluni anakimbia, sare ya wadi bado mwilini.

"Mama, mbili."

"Mbili nini?"

"Asilimia mbili. Mbwa amenipa mbili. Hakuna aliyewahi kupata mbili chuo kizima. Watu wanafika kumi wanachinja mbuzi. Jina la chuo pale juu tu huwa analipaka nyekundu."

Wateja wakapiga vigelegele bila kujua kwa nini. Mmoja aliyekuwa chini ya kikaushio akauliza nani anaolewa. Wifi yangu, ambaye siku hizi anakuja saluni hata akiwa hana nywele za kusuka, akanikonyeza kwa jicho zima.

"Damu ya upande wetu hiyo," akasema. "Kwetu hatujawahi kuwa na mjinga."

"Na yule kaka yako?" nikamwuliza.

"Yule alilogwa."

Binti yangu akanishika mabega. "Unaona, mama? Ulikuwa na wasiwasi bure. Maneno yangu mwenyewe."

Chakula changu cha furaha kikaingia mchanga papo hapo. Ningesema pale pale. Nilifungua mdomo. Lakini aliniangalia kwa uso ule aliokuwa nao zamani akileta mchoro kutoka shule, na mimi nikameza. Nikasema, "Hongera, mwanangu," nikainama kuokota kichana ambacho hakikuwa kimeanguka.

Siku mbili za raha zikapita. Kisha simu ikalia. Ni Miwani.

Miwani ni mwalimu aliyemsimamia binti yangu. Wanafunzi walimpa jina hilo kwa sababu miwani yake ni mikubwa kuliko uso, na husemwa kwamba nayo humwona mtu anayetafuna pipi darasa la jirani. Alisema maneno machache: kesho, ofisi ya mkuu wa chuo, uje na mzazi.

"Labda wanataka kukupa zawadi," nikasema.

"Miwani hapigi simu hovyo, mama. Lazima ni zawadi. Vaa lile gauni la harusi za watu."

Nikavaa gauni la harusi za watu, nikaenda kwenye msiba wangu.

Ofisi ya Mkuu ina zulia linalomeza kisigino. Mkuu mwenyewe ni mnene wa kupendeza, tai nyekundu, kicheko cha kwenye redio. Alipandishwa cheo kwa kuandika makala iliyosifiwa sana, na picha yake ya siku hiyo imetundikwa ukutani. Kwa hiyo ukutani yuko, mezani yuko. Pembeni yake Miwani. Karibu na dirisha, yule katibu mpole na kompyuta iliyounganishwa na projekta, inamulika ukutani chini ya picha ya Mkuu.

"Karibu, mama," Mkuu akasema. "Tumeambiwa binti yako ni kipaji cha ajabu."

Miwani hakucheka. "Binti, utusomee ukurasa wa tatu."

Maandishi yakatokea ukutani. Mwanangu akasimama, akanyoosha sketi, akaanza kwa sauti yake nzuri ya kusoma matangazo.

"'Kabla ya kumpokea mtoto wa changarawe...'"

Akasita.

"Endelea," Miwani akasema.

"'Kabla ya kumpokea mtoto wa changarawe, samaki anawe mikono.'"

Katibu akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Mimi nilihitaji muda, msomaji, nawe nakupa muda. Mtoto mchanga. Mchanga, changarawe, si ndugu hao? Na mkunga ni yule mama anayezalisha, lakini mkunga ni samaki pia, yule mrefu kama nyoka anayejificha kwenye mawe. Neno moja lina ndugu wa upande wa baba na ndugu wa upande wa mama. Sabuni alikwenda kugonga upande usio wetu.

"Mstari unaofuata," Miwani akasema.

Sauti ya mwanangu ilikuwa imeshuka. "'Mtoto wa changarawe apewe mabwawa ya mzazi mapema iwezekanavyo, wala asichanganyiwe na mabwawa ya ng'ombe.'"

"Mabwawa?" Mkuu akauliza.

"Maziwa, Mkuu," Miwani akasema. "Kuna ya kunywa na kuna ya kuvulia. Huyu amepewa ya kuvulia."

Katibu alikuwa ameshageukia dirishani, mabega yanaruka. Hata mimi, Mungu anisamehe, kicheko kilinipanda nikakibana kwa meno. Wewe ungefanyaje? Kilio na kicheko ni majirani, ukuta wao mwembamba.

"Sasa huu wa chini. Nataka mama naye ausikie."

Mwanangu akasoma polepole, kama mtu anayekanyaga vigae vilivyovunjika.

"'Mtoto akishatoka, samaki asivute kwa nguvu. Asubiri vita vya uani vitoke vyenyewe.'"

Hapo kicheko kiliniisha. Maana mimi nimezaa, na najua kinachotoka baada ya mtoto kinaitwa kondo la nyuma. Kondo kwa wazee ni vita. Nyuma ya nyumba ni uani. Ndiyo hiyo, vita vya uani.

"Binti," Miwani akasema, na sasa alikuwa amevua miwani, jambo ambalo nadhani halijawahi kuonekana. "Mkunga asipojua kondo, mama anatokwa damu mpaka anakwisha huku yeye anasubiri vita. Hii ndiyo kazi uliyotuletea ili tukupe cheti cha kuzalisha watu?"

"Siyo kazi yangu, mwalimu."

"Jina ni lako."

"Jina langu. Maneno siyo yangu. Mimi niliandika mkunga. Niliandika mchanga. Niliandika hata namna bibi mmoja wadini alivyoniambia uchungu wake ulikuja kama mtu anayebisha hodi na kuondoka, na kurudi tena. Iko wapi hiyo?"

Miwani akasogeza ukurasa. Ipo, lakini uchungu umegeuka shubiri: mzee wa kike mmoja wadini alisema shubiri yake ilikuja kama kiumbe kinachogonga karibu.

Mwanangu akafunga macho. Nilimwona. Afadhali angelia.

"Mbwa alikupa mbili," Miwani akasema, "kwa sababu hakuna binadamu aliyewahi kuandika upuuzi huu kabla. Upuuzi ukiwa mpya, Mbwa huuona ni ubunifu. Lakini mimi sina pua, nina macho."

"Kazi yangu halisi iko kwenye flashi ile ile. Katibu, fungua tafadhali. Utaiona."

Katibu akachomeka flashi. Ukutani pakatokea faili moja. Akalifungua. Samaki anawe mikono.

"Kuna hili tu, mwanangu," katibu akasema kwa ile sauti yake ya kuombea msamaha. "Limeseviwa juu ya la kwanza. La kwanza halipo tena."

Juu. Ndipo nikajua nilimweka mgeni wa heshima juu ya nini. Nilimweka juu ya kifua cha mwenyeji mpaka akakata roho.

Mkuu akakohoa, akaweka viwiko mezani. Kicheko cha redio kilikuwa kimezimwa. "Hili sasa si la kucheka. Kazi imepelekwa kwa hao wasafishaji. Mwanafunzi akipeleka, anafukuzwa chuo. Na akipeleka mtu wa nje, huyo si wetu, huyo ni wa polisi. Ni kughushi. Nitapiga simu mwenyewe. Kwa hiyo, binti, fikiri kabla hujajibu. Flashi yako ilishikwa na nani?"

Mwanangu akafungua mdomo kusema hajui. Kisha akageuka kunitazama.

Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Vilikuwa visafi sana, nilivipiga rangi asubuhi. Na huyu mtoto ananijua. Anajua nikivunja sahani huwa natazama wapi.

Kisha nikasikia sauti yake, nyepesi, kama anaagiza chai.

"Niliipeleka mwenyewe."

"Wewe?" Miwani akasema.

"Mimi. Niliogopa Mbwa."

"Lakini flashi niliipokea kwa mama," katibu akasema.

"Mama alibeba tu. Mama hajui kompyuta inawashwa wapi."

Ni kweli sijui. Na ukweli ule uliniuma kuliko uongo uliouzunguka.

Mkuu akachukua kalamu. "Basi amekiri. Afukuzwe. Tusipoteze muda wa watu."

Miguu yangu ilitaka kusimama, ikagoma. Nikasema, "Mheshimiwa," sauti ikatoka kama ya panya aliye ndani ya debe. Hakuna aliyenisikia, maana Miwani alikuwa ameinua kidole.

"Bado, Mkuu. Nataka kumpata huyo msafishaji. Orodha yake ni moja, basi upuuzi wake ni mmoja. Yeyote aliyepita kwake ametoka na samaki yule yule na vita vile vile. Katibu, acha huyo Mbwa. Fungua tu mtandao wa kawaida, huu ambao kila mtu anao kwenye simu. Andika vita vya uani, weka alama za kunukuu mwanzo na mwisho, utafute."

"Alama za nini?" nikajikuta nauliza.

"Ukiyabana maneno hivi, mama, mtandao hauleti vita vya pengine na uani wa pengine. Unaleta maneno hayo hayo, yakiwa yameshikana mikono hivyo hivyo."

"Si lazima tuyafanye hayo leo," Mkuu akasema.

Lakini katibu alikuwa ameshabonyeza.

Nilitarajia mtandao ufikiri kidogo, kama mtu mzima aliyeulizwa jambo zito. Haukufikiri. Kabla ya kupepesa jicho, ukutani pakatokea jibu. Moja tu. Makala kwenye jarida la wakunga. Kichwa cha habari kikiwa kimeandikwa kwa herufi nene, nami nakiandika hapa kama kilivyokuwa: Kuharakisha Vita vya Uani kwa Wazazi wa Mara ya Kwanza.

Chini yake jina la mwandishi. Jina lenyewe silitaji, mhariri wa gazeti hili amenionya. Nasema tu kwamba jina lile lile lilikuwa limechongwa kwenye kibao cha shaba pale mezani, mbele ya tai nyekundu.

Na picha yake ya kupandishwa cheo ilikuwa pale pale juu ya makala, inatabasamu.

Katibu akaondoa mkono kwenye kompyuta kana kwamba imemchoma. Miwani akavaa miwani yake. Alivaa taratibu, akaisogeza puani mpaka ikakaa sawa, akasoma tena kuanzia juu.

"Zima hiyo," Mkuu akasema.

Hakuna aliyezima.

"Nilikuwa na msaidizi," akasema. "Mambo ya lugha nilimwachia yeye. Mtu mwenye majukumu hawezi kusoma kila kitu."

"Hata chake mwenyewe?" Miwani akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Mkuu akafuta paji la uso kwa leso. Kisha, nawaambieni, nilimwona akipona. Mtu mkubwa hupona haraka kuliko sisi. Alinyoosha tai, ile sauti ya redio ikawaka.

"Tuwe watu wa kanuni. Kanuni ya chuo hiki inasema nini? Chini ya ishirini ni safi. Huyu ana ngapi?"

"Mbili," katibu akanong'ona.

"Mbili. Mashine imesema, na mashine haina shangazi wala mjomba. Kazi imepita. Andika, katibu: imepita kwa sifa. Binti atapokea cheti pamoja na wenzake."

"Pamoja na samaki?" Miwani akasema.

"Chuo kinafuata kanuni, mwalimu. Hakifuati vichekesho."

"Na kukiri kwake?"

"Kukiri kupi? Mimi sikusikia kukiri. Katibu, ulisikia?"

Katibu mpole alitazama dirishani, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Sasa nitawaambia ukweli wangu, wala msinihukumu mkiwa mmeshiba. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Cheti. Mwanangu hafukuzwi, mimi siendi polisi, na wala sikulazimika kusema neno. Mlango uliofungwa ulifunguliwa na yule yule aliyeufunga. Nikaanza kukusanya mkoba.

Ndipo nikamwona mwanangu. Alikuwa bado anatazama ukutani, siyo kwenye jina la Mkuu, hapana. Alikuwa anasoma makala, midomo inachezacheza. Akasema polepole, kama anajisemea, "Inasomwa hii. Chini hapa wameandika imesomwa na watu wengi. Wakunga wanasoma hii."

"Kaa chini, binti, umeshapita," Mkuu akasema.

Hakukaa mpaka nilipomvuta sketi.

Miwani akaweka mikono yake miwili mezani. Alikuwa amechoka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba si mzee, ni msichana tu mwenye miwani. Akanigeukia mimi. Siyo Mkuu, siyo mwanangu. Mimi.

"Mama, hiki kikao kinafungwa. Nikiondoka hapa na neno la mtu mmoja aliyemwona huyo msafishaji kwa macho yake, naweza kulisimamisha hili, makala hiyo iondolewe, na binti aandike upya. Nikiondoka bila hilo, sina kitu. Wewe uliibeba flashi. Una la kusema?"

"Mama ameshachoka," Mkuu akasema. "Gauni lake zuri, aende nyumbani akashangilie."

Nikihesabu kwa akili ya darasa la saba, ilikuwa hivi. Nikinyamaza, mwanangu ni mkunga mwenye cheti, na kazi yenye jina lake inafundisha samaki kusubiri vita. Nikisema, mwanangu amewadanganya walimu wake mbele ya macho yao, na Mkuu hatamsamehe anayemvua nguo. Na mimi nitalala kituoni. Kuandika upya kwa maneno yake, sawa. Lakini nani amhakikishie kwamba ataruhusiwa kushika tena hata kalamu?

Chini ya meza binti yangu akaushika mkono wangu, akaubana.

Mkono wake nimeulea mimi. Najua unavyobana ukiwa na njaa, najua unavyobana ukiogopa sindano, najua unavyobana mbele ya duka la viatu. Huu sikuujua. Huenda ulikuwa unasema nyamaza, mama. Huenda ulikuwa unasema sema, mama. Niliusikiliza kwa ngozi yangu yote na sikuambulia kitu, maana kwa mara ya kwanza alikuwa ananiambia jambo kwa maneno yake mwenyewe na mimi sikuwa na kamusi.

Mkuu akatazama saa yake.

Nikasimama, nikamgeukia Miwani.